Mabaharia Wanne na Bomba la Moshi la Mikumi

Leo naomba niwapeleke jikoni. Siyo jikoni kwenu nyumbani, bali katika jiko la hoteli, lile ambalo mteja halioni, ila hulitambua kwa harufu ya kitunguu na mlio wa karai. Tukiwa huko sitazungumzia chakula. Nitazungumzia bomba la moshi, na karatasi moja iitwayo hati ya bima.

Najua wapo watakaouliza: je, hilo nalo ni jambo la historia? Naam, ni la historia, na tena historia ndefu. Nifuateni taratibu.

Mwezi uliopita nilipanda treni ya umeme Dar es Salaam, ile iliyoanza kuchukua abiria hadi Dodoma mwezi Julai 2024, nikashuka Kilosa. Mimi na Kilosa tunafahamiana. Mwishoni mwa miaka ya 1980, nilipokuwa mtoto, baba yangu mdogo alikuwa mpishi katika hoteli moja jirani na stesheni ya zamani, ya reli ile ya kati ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Hoteli hiyo ilipikia kuni. Juu ya jiko palikuwa na dohani ya matofali iliyopanda hadi juu ya paa, nyeusi ndani kama usiku wa masika.

Kila mwisho wa mwezi baba mdogo aliuzima moto, akampandisha kijana paani na kamba yenye gunia lililofungiwa jiwe. Kijana aliishusha na kuipandisha kamba ile, masizi yakakwanguka na kuanguka chini mpaka ndoo ikajaa. Kisha baba mdogo alichukua chaki, akaenda nyuma ya mlango wa stoo, akachora mstari ukutani na kuandika tarehe. Siku moja nilimwuliza, "Baba mdogo, mstari huo ni wa nini?" Akanijibu, "Mwanangu, mwenye hoteli haji jikoni. Siku akija na kuuliza, mimi nitasema maneno tu, lakini ukuta utanishuhudia."

Wakati ule sikumwelewa. Nilikuja kumwelewa mwezi uliopita, nilipofika Mikumi.

Kutoka Kilosa nilichukua gari la abiria. Kilosa ni mji wa reli. Mikumi ni mji wa barabara. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na mpaka wa Zambia huipasua Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa kiasi cha kilomita 50. Dereva aliyepita humo akichunga mwendo, tembo kushoto na twiga kulia, akifika mjini anataka kitu kimoja tu: chakula cha moto, tena haraka. Hapo ndipo inapochepuka pia njia ya Kidatu na Ifakara, kwenye mashamba ya miwa. Malori hayana usiku wala mchana, na baadhi ya hoteli za Mikumi nazo zimejifunza kutolala. Jiko la mji kama huo halipati nafasi ya kupoa. Neno hilo liwekeni akilini, tutalirudia.

Nilikula kwa mama mmoja ambaye jina lake sitalitaja, wala sitaitaja kampuni iliyohusika na habari zake, kwa kuwa nia yangu si kumshitaki mtu redioni. Nilimkuta anapika nje, chini ya turubai, kwenye mafiga. Nyuma ya turubai zilisimama kuta nne nyeusi zisizo na paa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu uketi, wali upo, maharage yapo. Nyama imekwisha."

Nilipokwisha kula nilimwuliza juu ya zile kuta. Aliifuta mikono kwa kanga yake, akaketi, akanisimulia.

Alianza biashara kwa ugali na samaki. Wateja wakaongezeka, akakopa benki, akajenga hoteli ya kisasa. Jikoni aliweka majiko ya gesi, makarai mawili ya chipsi, na pembeni jiko la mkaa la nyama choma. Juu yake fundi bati alimtengenezea kofia kubwa ya bati yenye vichujio na feni ya kuvuta moshi, na bomba lililotoboa dari na kutokea paani. Benki ilimwambia kwamba mkopo hautoki bila bima ya moto. Akaja wakala wa bima, kijana mwenye adabu zake. Fomu ikajazwa, mama akatia saini. Ada ya bima alilipa kila mwaka, hakuruka hata mmoja.

"Ile karatasi niliiweka kabatini pamoja na hati ya kiwanja," alisema. "Nikaifunga kwa kitambaa safi. Niliiheshimu, mwanangu."

Usiku mmoja, wateja wakiwa wengi, mwali uliruka kutoka kwenye karai ukalamba chujio. Feni ikauvuta. Vijana wakasikia mngurumo ndani ya bomba kama wa lori linalopanda mlima, na kabla hawajajua la kufanya, dari ilikuwa inawaka. Watu wote walitoka salama, na kwa hilo mama anamshukuru Mungu kila anapolitaja.

Baada ya siku chache alikuja mkadiria hasara wa upande wa bima. Alipima, akapiga picha, kisha akauliza jambo moja: kumbukumbu za kusafisha bomba la moshi ziko wapi? Akamfungulia mama hati yake mwenyewe, akamwonyesha kifungu kilichoandikwa kwa Kiingereza, kwamba bomba zima lisafishwe na fundi anayeifahamu kazi hiyo kila baada ya miezi sita, na ushahidi wa maandishi uhifadhiwe.

"Nikamwambia, mwanangu, sisi tunasafisha. Kila Jumamosi vijana wanavitoa vile vichujio, wanavichemsha kwa sabuni na magadi. Akaniuliza, na bomba lenyewe kwa ndani? Nikanyamaza. Akaniuliza, mmeandika wapi? Nikanyamaza tena."

Barua ilikuja kwamba sharti limevunjwa, fidia hakuna. Benki kwa upande wake inadai fedha zake. "Jengo limeungua," alisema mama yule akiziangalia kuta zake, "lakini deni halikuungua."

Ndugu msomaji, kabla hatujamlaumu mtu yeyote, tuelewe kwanza bomba linavyowaka.

Mafuta ya kula yakichemka hutoa mvuke. Mvuke ule si moshi mtupu. Una chembechembe za mafuta ndani yake. Ukipanda na kukutana na bati lililo baridi kuliko jiko, mafuta hurudi kuwa mafuta na kuganda hapo. Vichujio hukamata sehemu, nyingine hupita. Siku kwa siku, safu juu ya safu, bomba huvaa utando mnene wa kahawia unaonata, uliochanganyika na masizi ya mkaa. Mpishi hauoni, kwa sababu anachokiona ni kofia na vichujio, navyo vimechemshwa Jumamosi. Kilichobaki juu ya dari ni kama utambi mrefu uliokwisha kulowanishwa mafuta, unangoja kiberiti.

Mwali ukifika humo, feni ambayo kazi yake ni kuvuta moshi huvuta moto. Bati hupata joto kali mno, mbao za dari zilizoligusa huanza kuungua hata kama mwali wenyewe haujatoka nje ya bomba. Mtu akikimbilia ndoo ya maji na kuyamwaga kwenye karai linalowaka, anaongeza maafa, maana lita moja ya maji ikigeuka mvuke hujaza nafasi ya karibu lita 1,700, na mvuke huo huyarusha mafuta yanayowaka kila upande.

Wala si balaa la Mikumi peke yake. Desemba 1997 moto ulianza katika mgahawa ndani ya jengo la kwanza la abiria la uwanja wa ndege wa Heathrow, London, ukapanda kwenye mabomba ya kutolea moshi wa jikoni, na safari za ndege zikavurugika katika uwanja uliokuwa na kila aina ya mitambo ya kisasa. Sasa turudi nyuma zaidi, kwa maana historia yenyewe ya bima ya moto inaanzia jikoni.

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 2 Septemba 1666, moto ulianza katika nyumba ya mwoka mikate mmoja wa London aliyeitwa Thomas Farriner, mtaa wa Pudding Lane. Mji ulikuwa wa mbao, upepo ulikuwa mkali. Moto ule uliteketeza nyumba zipatazo 13,200 na makanisa 87 katika muda wa siku nne hivi. Ni kutokana na majivu hayo kwamba katika miaka ya 1680 daktari mmoja aliyekuwa amegeukia ujenzi, Nicholas Barbon, alifungua ofisi ya kukatia nyumba bima ya moto. Huko Hamburg, Ujerumani, mji ulikuwa umekwisha kuwa na mfuko wake wa moto tangu mwaka 1676.

Angalieni kanuni ya Barbon. Mwenye nyumba ya mbao alilipa mara mbili ya mwenye nyumba ya matofali. Maana yake ni kwamba tangu mwanzo bima haikuwa sadaka. Ni chungu kimoja ambacho wengi wanachangia ili mmoja akiunguliwa ale, na wachangiaji wana haki ya kuuliza kila mmoja anaishije na moto wake. Aliyesafisha bomba lake hapendi fedha yake ikamlipe aliyeliacha bomba miaka mitatu. Hilo ni haki, na sina ugomvi nalo.

Lakini iko hadithi ya pili, nayo haikutoka jikoni wala kwenye nyumba. Ilitoka baharini.

Mwaka 1786 mahakama ya Uingereza, mbele ya jaji mkuu Lord Mansfield, iliamua kesi iliyokuwa kati ya De Hahn na Hartley. Meli iliyoitwa Juno ilikuwa imekatiwa bima, na pembeni mwa hati waliandika kwamba iliondoka Liverpool ikiwa na mabaharia 50 au zaidi. Safari yenyewe ilikuwa ya Afrika na kisha visiwa vya West Indies, na msomaji wa pwani yetu hahitaji kuambiwa meli za namna hiyo zilikuja Afrika kuchukua mzigo gani. Ukweli ni kwamba Juno iling'oa nanga Liverpool ikiwa na mabaharia 46. Ilipungua wanne. Saa chache baadaye, ikiwa bado kwenye pwani hiyo hiyo, huko Beaumaris, iliongeza watu sita, ikawa na 52, zaidi ya walioahidiwa. Baadaye kabisa katika safari ile ilitekwa na adui. Mabaharia wanne wale hawakuwa na uhusiano wowote na kutekwa kwake.

Mahakama ikasema hayo yote si hoja. Ahadi iliyoandikwa katika hati ya bima lazima itimizwe kama ilivyoandikwa. Imeandikwa 50, wakawa 46, basi bima imekufa palepale Liverpool, na kilichotokea baadaye ni shauri la mwenye meli. Kanuni hiyo iliwekwa wazi zaidi katika sheria ya Uingereza ya bima za baharini ya mwaka 1906: sharti la namna hii lifuatwe barabara, liwe na uzito katika hasara au lisiwe nao.

Sasa kanuni ya wenye meli wa Liverpool ilifikaje Mikumi? Ilikuja na utawala. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walichukua Tanganyika, na Amri ya mwaka 1920 ikaiweka tarehe 22 Julai 1920 kuwa siku ya kupokelea sheria. Kanuni za sheria za Kiingereza jinsi zilivyokuwa siku ile zikaingizwa katika sheria za nchi hii, na sheria zetu zinaitaja tarehe hiyo hadi leo. Kampuni za bima za kigeni zilikuja na hati zilizokwisha pigwa chapa kwao, na maneno yake yakawa ndiyo maneno ya bima kwetu.

Tulipopata uhuru tuliunda Shirika la Bima la Taifa mwaka 1963. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 biashara ya bima iliwekwa chini ya shirika hilo, na kwa karibu miaka 30 likawa ndilo mlango pekee wa bima Tanzania Bara. Ndipo ikaja Sheria ya Bima ya 1996, milango ikafunguliwa, kampuni binafsi zikaingia. Sheria nyingine ya mwaka 2009 ilileta Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, pamoja na Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua, na mwaka uliofuata, 2022, Bunge liliibadili Sheria ya Bima na kuifanya bima kuwa ya lazima kwa masoko ya umma na majengo ya biashara.

Kwa hiyo mmiliki amebadilika mara nyingi: mgeni, kisha taifa, kisha soko huria. Lakini ile ahadi ya mwaka 1786 imepita katika milango yote hiyo bila kuvuliwa kofia. Mama wa Mikumi alipotia saini alisimama mahali pa nahodha wa Juno, na hakuna aliyemwambia.

Waingereza wenyewe wamekwisha kuilegeza kanuni yao. Sheria yao ya bima ya mwaka 2015 inasema kwa ufupi kwamba sharti likivunjwa bima hulala, na likitimizwa tena bima huamka. Na kwamba kampuni haiwezi kujificha nyuma ya sharti ambalo kuvunjwa kwake kusingeweza kuongeza hatari ya hasara ile iliyotokea. Iliwachukua miaka 229 kuona kwamba mabaharia sita wa Beaumaris walistahili kuhesabiwa. Hata hivyo, sheria ya Bunge la London ya 2015 haivuki bahari yenyewe kuja Kilosa. Tarehe yetu ni ya 1920.

Mimi si mwanasheria, nina stashahada ya uandishi wa habari tu, nami sitaki kumpa mtu matumaini ya uongo. Kwa kesi ya mama yule, hata sheria mpya ya Waingereza pengine isingemwokoa, kwa kuwa sharti lililovunjwa lilihusu bomba, na bomba ndilo lililowaka. Hapo ndipo penye uchungu wa habari hii. Hakuwa na mabaharia wanne pungufu wasio na maana. Alikuwa na utambi juu ya dari yake, akaamini kwamba vichujio vya Jumamosi vinatosha, na mtu wa pekee aliyekuwa amekwisha kumwandikia onyo alikuwa ni ile karatasi iliyofungwa kwa kitambaa kabatini.

Yaani kifungu kile kilichomnyima fidia ndicho kilichokuwa kinamwambia namna ya kuiokoa hoteli yake. Kilimwambia kwa lugha asiyoisoma.

Kwa hiyo lawama yangu naigawa mafungu mawili, na yote mawili nayasema bila chuki.

Fungu la kwanza ni la wauzaji wa bima. Mnapokwenda kwa mama lishe aliyepanda ngazi mkamwambia "weka saini hapa", mnauza ahadi mbili: ya kwenu ya kulipa, na ya kwake ya kutunza. Ya kwenu mnaieleza kwa Kiswahili kitamu, tena mkitabasamu. Ya kwake mnaiacha kwa Kiingereza katika kurasa za ndani. Hiyo si biashara ya haki. Andikeni masharti ya jikoni kwa Kiswahili, kwenye karatasi moja, yabandikwe ukutani karibu na jiko. Siku ya kupokea ada mwende mkalitazame bomba, msingoje siku ya kukadiria hasara. Nahodha wa Liverpool aliijua lugha ya hati yake. Ile Amri ya 1920 yenyewe ilisema kwamba sheria za Kiingereza zitumike kadiri hali ya nchi na wakazi wake inavyoruhusu. Hali ya Mikumi inajulikana, na lugha yake inajulikana.

Fungu la pili ni letu sisi wenye majiko, na hili halingoji Bunge wala mahakama.

Kwanza, tujue bomba lisafishwe mara ngapi. Wamarekani wana chama chao cha kuzuia moto, NFPA, kilichoundwa mwaka 1896 na watu wengi wao wakiwa wa bima. Kanuni yao namba 96 inayohusu majiko ya biashara inataka jiko la kuni au mkaa likaguliwe kila mwezi. Jiko linalofanya kazi usiku na mchana au linalochoma na kukaanga kwa wingi, kila miezi mitatu. Jiko la kazi ya kati, kila miezi sita. Na lile la msimu, mara moja kwa mwaka. Likikutwa na uchafu, lisafishwe. Nilisema mwanzoni kwamba jiko la Mikumi halipati nafasi ya kupoa. Linganisheni wenyewe: mama yule alikuwa na mkaa, chipsi na usiku kucha. Hata ile miezi sita ya hati yake ilikuwa mingi mno. Kumbe baba yangu mdogo, ambaye hakuwahi kusikia habari za Marekani, alikuwa sahihi na mwisho wa mwezi wake.

Pili, tujue kipimo. Waingereza wanaoifanya kazi hii wanasema utando wa mafuta ukifika wastani wa sehemu 200 za elfu moja za milimita, bomba lisafishwe. Kwa lugha ya jikoni, huo ni unene wa karatasi mbili tu za kuandikia zikiwekwa pamoja. Ukipitisha kucha ndani ya bomba na ikatoka imebeba mafuta, usingoje kipimo kingine.

Tatu, bomba lijengwe likijua kwamba litasafishwa. Mwambie fundi bati aweke vidirisha vya kufungua kila penye kona, na alitenge bomba na mbao za dari. Bomba lisilofunguka hukwanguliwa mwanzo na mwisho tu, na moto hukaa katikati. Pamoja na hayo, karibu na karai pawe na blanketi la kuzimia moto na mtungi unaofaa kwa moto wa mafuta, siyo ndoo ya maji. Na namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ijulikane hata kwa mwosha vyombo.

Nne, ukiongeza karai la chipsi mahali palipokuwa na sufuria la ugali, mwambie aliyekukatia bima, tena kwa maandishi. Jiko lililobadilika ni jiko jingine. Na ukihisi umeonewa katika fidia, usikae na barua yako chini ya turubai. Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliwekwa na sheria kwa ajili ya watu kama wewe.

Tano, na hili ndilo nililolifuata safari yote hii, andika. Nunua kauntabuku moja. Kila bomba linaposafishwa, weka tarehe, jina la fundi, saini yake na yako, na risiti uibandike hapo. Siku hizi simu ya mkononi hupiga picha. Piga ndani ya bomba kabla na baada. Kitabu hicho usikiweke jikoni, kisije kikaungua pamoja na unachokilinda.

Nilipomweleza mama yule habari za kauntabuku, alicheka kidogo. Akaniambia, "Mwanangu, sasa naandika." Akainua mfuniko wa debe la unga, akatoa daftari dogo la shule. Ndani yake, kwa mwandiko wa taratibu, palikuwa na tarehe na neno moja lililorudiwa mstari kwa mstari: mafiga yamesafishwa, mafiga yamesafishwa. Mafiga matatu ya mawe, chini ya turubai, yasiyo na bomba wala bima wala dari.

Sikuwa na la kumjibu. Nililipa chakula changu, nikaaga.

Wakati wa kurudi nilipitia tena Kilosa, nikaenda kuitafuta ile hoteli ya karibu na stesheni ya zamani. Ilikwisha bomolewa, na pale palipokuwa na stoo pana duka la vipuri vya pikipiki. Mistari ya chaki ya baba mdogo haipo tena. Kwa miaka yote aliyopika pale, hakuna aliyewahi kuja kuiuliza, kwa sababu hoteli ile haikuwahi kuungua.

Tukutane tena wiki ijayo. Na leo usiku, ewe mwenye jiko, kabla hujafunga, chukua tochi uangalie juu.